Jina Lililowekwa Akiba

Paka alikuwa na wiki ya nne nyumbani kwa Oleepa, hana jina, na kila alfajiri alilia.

Hakulilia chakula, kwa maana bakuli lake lilikuwa limejaa. Hakulilia kutoka, kwa maana nje theluji ilifika magotini, naye alikwisha kuijua theluji hiyo hata ncha za masikio yake zikakatwa na baridi. Alisimama tu katikati ya sebule, akaelekeza uso jikoni ambako hapakuwa na mtu, akatoa sauti ndefu iliyopanda, ikayumba, ikakatika, kama mtu aliyeanza kuuliza swali akaishiwa na pumzi.

"Mtoto anayelia hivyo anatafuta jina lake," Bibi Ulayuk alisema kutoka kitandani. "Mpe, atanyamaza."

"Huyu si mtoto, mwanangu," Oleepa alijibu, akitafuta ndara zake gizani. "Ni paka wa jalalani."

"Nimesikia, mama. Zilizokufa ni figo zangu, si masikio."

Mgeni angesikia maneno hayo angechanganyikiwa. Oleepa ndiye binti, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na Bibi Ulayuk ndiye mama aliyemzaa. Lakini Oleepa alipewa jina la bibi yake, mama wa Ulayuk, na kwao anayepewa jina la marehemu hapewi sauti ya kuitiwa tu. Anakuwa yule yule amerudi. Kwa hiyo tangu Oleepa angali mchanga wa kubebwa mgongoni, Ulayuk alimwita mama, naye alipojua kusema akamwita mamake mwanangu. Kijijini kwao hakuna aliyeona ajabu. Hapa Ottawa wauguzi walicheka siku za mwanzo, kisha wakazoea.

Bibi Ulayuk aliletwa Ottawa kwa ndege miaka miwili nyuma, figo zilipomkatalia. Kwenye pwani yao ya kisiwa cha Baffin hapakuwa na mashine ya kusafisha damu, wala katika kijiji cha pili, wala cha tatu. Aliambiwa itambidi akae karibu na mashine maisha yake yote yaliyobaki. Alifungasha kisu chake cha nusu mwezi, picha za watoto wake, na viatu vyake vya ngozi ya sili alivyovishona mwenyewe. Viatu hivyo hakuwahi kuvivaa mjini, maana huku barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula ngozi.

"Nitarudi nyumbani ndani ya sanduku," alimwambia Oleepa kwenye uwanja wa ndege siku aliyotua, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba chai. Hakulisema tena, na Oleepa hakuliuliza.

Paka naye alikuja mwenyewe. Alasiri moja, wakirudi kutoka kwenye mashine, alitokea nyuma ya mapipa ya taka akafuata kiti cha magurudumu cha Bibi Ulayuk hadi ndani ya lifti. Oleepa alipiga mguu chini kumfukuza. Paka alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto mtundu, akaketi. Walipofika ghorofa ya tano na mlango wa nyumba ukafunguliwa, alisimama kizingitini, akageuza shingo, akatazama nyuma ujia wote mpaka mwisho, kama anayehakikisha kwamba hakuna mtu aliyeachwa. Ndipo akaingia.

Bibi Ulayuk aliona. Oleepa aliona.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiingia Iola.

Iola alikuwa mdogo wake Oleepa, kitinda mimba wa Bibi Ulayuk, na mwindaji ambaye nyumba nyingi zilikula kwa mkono wake. Kwa ile tabia ya kusimama mlangoni na kutazama nyuma, kijiji kizima kilimtania. "Ingia, unatuletea baridi! Unamngoja nani, mkeo wa baharini?" Iola alicheka akaingia, na safari nyingine akafanya vile vile. Miaka mitatu iliyopita, siku za mwanga mrefu zilipoanza, alikwenda na pikipiki yake ya theluji hadi ukingoni, pale barafu inapokutana na maji, na kipande alichosimama juu yake kikameguka. Watu walimtafuta siku nyingi, wakitembea kwenye ukingo ule wakiita jina lake. Walipata glavu moja.

Oleepa hakuwapo, alikuwa kwa mumewe huku Ottawa. Upepo ulizuia ndege, akakaa kwenye uwanja wa ndege na begi lake mapajani, na alipofika hatimaye mahema yalikuwa yamekunjwa na watu wamekauka sauti. Wote walikuwa wameliita jina lile juu ya barafu isipokuwa yeye.

Na jina lenyewe? Kwao jina halikawii kupata mwili mwingine. Mtoto wa kwanza kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume, hulipokea, na mfiwa akapata wa kumkumbatia. Lakini wakati ule Oleepa alikuwa na mimba, na kijiji kizima kilijua. Basi wanawake waliokaribia kujifungua walikuja mmoja mmoja kunywa chai kwa Bibi Ulayuk, wakasema kabla hawajaulizwa, "Hilo tumekuachieni. Ni la mtoto wa Oleepa." Walisema kwa upendo mtupu, wakawapa watoto wao majina mengine. Jina la Iola likawekwa akiba, kama nyama inavyofukiwa chini ya mawe kwa ajili ya mtu fulani, na mwenye haya haigusi.

Mimba ile iliharibika. Ya pili haikufika hata pale ilipofika ya kwanza. Mume, mtu wa mjini, alivumilia kwa muda, kisha akahamisha nguo zake kidogo kidogo mpaka siku moja kabati likawa tupu. Jina likabaki chini ya mawe. Hakuna aliyethubutu kuliomba, kwa sababu kuliomba kungekuwa sawa na kumwambia Oleepa usoni: wewe basi tena.

Kwa hiyo ndani ya nyumba ile ya ghorofa ya tano, watu wawili walikaa na paka anayelia, kila mmoja akilijua jina moja, na kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kulitaja.

Oleepa alijaribu mengine. Alimwita Jivu, kwa rangi yake. Paka alilia. Alimwita Soksi, kwa miguu yake miwili myeupe ya mbele. Paka alilia. Jumapili moja jirani wa chini, Bi Rolande, mjane mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alipanda na pai ya nyama akauliza habari.

"Bado tu hana jina? Jirani, hata mbwa wa polisi wana majina!"

"Hayataki," alisema Oleepa. "Kila ninalompa analikataa."

"Mwiteni Kapteni. Mtazameni masikio. Huyu ametoka vitani."

"Kapteni nani?" Bibi Ulayuk aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kapteni tu, bibi."

"Hakuna mtu anayeitwa 'tu.' Jina lisilo na mtu ndani yake ni nyumba isiyo na moto. Unataka tumlaze humo?"

Bi Rolande alicheka mpaka akashika kifua. "Basi mimi nina dhambi kubwa. Paka wangu wote niliwaita Minou, maisha yangu yote. Akifa Minou mmoja, naleta Minou mwingine, naendelea kuzungumza naye pale nilipoachia."

Bibi Ulayuk aliinua kichwa akamtazama kwa heshima ambayo Oleepa hakuwahi kuiona akimpa mtu wa mjini.

"Kumbe na ninyi mnajua," alisema.

"Tunajua nini?"

"Kula pai yako, jirani," Oleepa alidakia, akasimama kuchemsha maji ambayo hayakuhitajiwa.

Siku chache baadaye ilianguka theluji nzito. Oleepa alikuwa mpishi katika nyumba wanakofikia wagonjwa kutoka Kaskazini, na siku hiyo aliruhusiwa mapema. Alifungua mlango wake taratibu, akidhani mamake amelala, akasikia sauti jikoni.

Bibi Ulayuk alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyoketi kwao. Mbele yake alikuwa ametandika boksi lililopasuliwa, na juu yake kipande cha sili mbichi kilicholetwa kwa ndege kutoka nyumbani, bado kina barafu. Alikata vipande vidogo kwa kisu chake cha nusu mwezi. Kimoja alikula mwenyewe, kimoja alimpa paka mkononi. Nyama hiyo daktari alikwisha kumpimia kiasi asichopaswa kuzidisha, na yeye aliigawa nusu kwa nusu.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Umetembea mbali. Maji yalikuwa baridi sana? Nilijua. Nilikuwa nawaambia kwamba ni baridi tu iliyokuumiza, hukuogopa." Akatafuna. "Babu yangu alikaa ndani ya mbwa misimu miwili ya baridi, kabla kaka yangu hajazaliwa kumpokea. Mbwa mzuri, aliyeongoza wenzake kuvuta sleji. Alinuna kama babu hasa. Sisi watoto tulimwita babu, tukampisha apite kwanza. Hakuna aibu. Mtu akikosa nyumba hulala kwenye hema."

Theluji iliyeyuka kwenye viatu vya Oleepa ikafanya kidimbwi mkekani.

"Umempa?" aliuliza.

Bibi Ulayuk hakushtuka. "Sijampa. Nilikuwa namuuliza."

"Jina lile si la kumpa mnyama. Lilikuwa la mtoto wangu."

"Mtoto yupi, mama?"

Aliuliza kwa upole. Ndiyo maana swali lilimwingia Oleepa zaidi, kwa kuwa hapakuwa na uovu wa kulizuia. Alishika fremu ya mlango.

"Kumbe umekwisha kunikatia tamaa. Sema. Sema kwamba mimi ni hema lenyewe lililotoboka, ndiyo maana unamtafutia Iola kwa paka!"

"Mimi nasema nimezeeka." Bibi Ulayuk aliweka kisu chini. "Nataka kusikia mtu akiitwa jina lile ndani ya nyumba yangu kabla sijapanda ndege ya sanduku. Akiitwa kula. Akifokewa, hata. Iola, ondoka mezani. Iola, umekojoa wapi. Nataka kulisikia likitumika. Mimi nimelihifadhi mpaka linanuka, mama."

Oleepa alimchukua paka chini ya kwapa, nyama ingali mdomoni mwake, akashuka ngazi bila kungoja lifti, akagonga mlango wa Bi Rolande.

"Mchukue. Manyoya yake yanamsumbua bibi kifua," alidanganya.

Bi Rolande alipokea mzigo ule kwa mikono miwili, akaupapasa, na bila kufikiri hata kidogo akasema, "Karibu ndani, Minou. Siku nyingi hatujaonana."

Oleepa alipanda tena ngazi na maneno hayo masikioni. Ilikuwa rahisi namna ile kwa wengine. Aliketi kitandani kwake akajaribu kulia, na machozi nayo yakakataa.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyelia. Ukimya ndio uliomwamsha.

Ilikuwa siku ya mashine. Alikoroga uji wa shayiri, akamtengea mamake, akakuta Bibi Ulayuk ameketi ukingoni mwa kitanda na gauni la kulalia, uso ameuelekeza ukutani. Koti lilining'inia kwenye msumari.

"Mwanangu, gari la wagonjwa linakaribia."

"Liende."

"Vaa koti."

"Nimechoka kuoshwa, mama. Hata samaki anaoshwa mara moja tu, kisha wanamwacha." Hakugeuka. "Sigombani na wewe. Sina hasira. Nimechoka tu."

Oleepa alisimama na bakuli la uji mkononi. Kazini kwake alikwisha kuwaona wazee waliosema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo isiyo na hasira. Alijua mwili wao huvimba, kisha husinzia, na kwamba hausinzii muda mrefu. Aliweka bakuli sakafuni, akakimbia kushuka chini, viatu havijafungwa.

Bi Rolande alifungua kabla hajagonga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilifungua mlango kuchukua gazeti. Kidogo tu, jirani! Akapita kati ya miguu yangu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, yule mtu wa chumvi anaingiza magunia yake... Nimemwita mpaka koo linauma. Minou, Minou. Hata hakugeuka."

Nje mwanga ulikuwa wa rangi ya maji machafu, na theluji bado ilianguka. Oleepa aliinama chini ya kila gari katika uwanja wa maegesho. Aliangalia nyuma ya mapipa. Aliita "pss, pss," akaona aibu. Aliita Jivu. Aliita Soksi. Hata Kapteni alimwita, na neno lile lilitoka mdomoni mwake likaanguka miguuni pake, halikwenda popote. Mamake alisema kweli. Majina yale hayakuwa na mtu ndani.

Alisimama katikati ya uwanja. Pande zote palikuwa peupe: paa za magari, barabara, anga. Kwa muda kidogo hakuona mji. Aliona ukingo wa barafu ambao hakuwahi kuutembea, na watu wakitembea juu yake wakiita, na pengo mahali pake yeye.

"Iola," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu.

Kisha akaliita. "Iola! Rudi nyumbani!" Lilitoka likiwa kubwa kuliko kifua chake. Watu waliokuwa wakingoja basi ng'ambo ya barabara waligeuka. "Iola! Iola we! Njoo, baridi inaingia!" Aliita akielekea upande wa mapipa, akaita akielekea barabarani, akaita mpaka sauti ikapasuka ikawa kama ya paka mwenyewe alfajiri, inapanda, inayumba, inakatika. Hakuna kilichotoka chini ya gari lolote. Theluji iliendelea kuanguka na kufunika nyayo zake.

Nyuma yake alisikia kitu kikikwaruza. Aligeuka.

Bibi Ulayuk alikuwa anakuja, akisukuma mkongojo wake wa magurudumu kwenye theluji, koti juu ya gauni la kulalia. Mkononi alishika kipande cha sili. Miguuni alivaa viatu vyake vya ngozi.

"Utaviua viatu vyako," Oleepa alisema, maana hakuweza kusema lingine. "Hapo umesimama kwenye chumvi."

"Nilikuwa namwekea nani?" Bibi Ulayuk alihema. "Nilikuona dirishani. Mdomo wako ulikuwa unaita. Nikasema, yule anaita mtu, si paka."

Walisimama. Bibi Ulayuk alitetemeka, na Oleepa akamvuta kofia ya koti ikamfunika masikio.

"Mama," alisema. Hakusema mwanangu. Tangu utotoni hakuwahi kumwita mama yule aliyemzaa, na neno lilimtoka kwa shida, kama la lugha ya kigeni. "Mama, mimi sitazaa. Daktari aliniambia zamani. Nikaogopa kukwambia, kwa sababu nikikwambia ningekuwa nimemuua Iola mara ya pili."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Nimekuzaa. Ulianza kupita mbali na maduka ya nguo za watoto. Nikanyamaza, nikidhani nikikuuliza utaona ninakudai." Alimshika mkono, na mkono wake ulinuka mafuta ya sili. "Tulikuwa tunalilinda jina tukamsahau aliyelishika. Wewe uko hai. Wewe kwanza."

Kwa muda ule mfupi, pale kwenye chumvi na theluji, walikuwa mama na binti tu, kama walivyozaliwa, bila wafu kati yao. Oleepa aliegemea bega la mamake, na sasa machozi hayakukataa.

Gari la wagonjwa liliingia uwanjani likapiga honi. Dereva aliteremsha kioo. "Bibi, twende! Nina wengine wawili wa kuchukua!"

"Ngoja," Bibi Ulayuk alisema. "Tumepoteza mtu."

Kisha akapaza sauti yake ya kizee, kavu, iliyozoea kuvuka barafu, "Iola!" na Oleepa akaitikia kwa sauti yake iliyopasuka, "Iola!" Dereva alitazama huku na huku, akazima injini kwa adabu.

Injini ilipozimwa ndipo walipomsikia. Alitoka chini ya ngazi za mlango wa nyuma, akichechemea, mguu mmoja mweupe ukiwa mwekundu kwa damu. Alifika hatua chache kutoka kwao akasimama. Akageuza shingo. Akatazama nyuma, barabara yote, watu wa basi, mji wote wa theluji. Kisha akaja akauma nyama mkononi mwa bibi kizee.

"Umechelewa," Bibi Ulayuk alimwambia. "Kama kawaida yako."

Aliinama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akaweka mdomo kwenye sikio lile lisilo na ncha, akalisema jina mara moja, polepole, kama linavyosemwa kwa mtoto. Paka alitikisa kichwa kwa sababu ya pumzi, akaendelea kula.

"Atalishika tu," Bibi Ulayuk alisema akijinyoosha. "Leo nitapiga simu nyumbani niwaambie mawe yameondolewa. Mwenye mtoto yeyote alichukue. Mtoto akija, huyu atampisha."

"Na asipokuja?"

"Basi atakaa nalo. Ana nyumba."

Oleepa alihisi kitu kikimtoka kifuani, na hakujua kama ni mzigo au ni kiungo cha mwili wake. Alimbeba paka akampelekea Bi Rolande amfunge mguu, akampakia mamake kwenye gari. Viatu vya ngozi vilikuwa vimeanza kubadilika rangi ukingoni, mstari mweupe wa chumvi ukipanda. Hakuna aliyevifuta.

Kwenye kituo cha kusafisha damu, kiti cha jirani kilikaliwa kama siku zote na Mzee Kaunaq, mwindaji wa kijijini kwao aliyeletwa mwaka mmoja baada ya Bibi Ulayuk. Alikuwa miongoni mwa wale waliotembea ukingoni wakiita. Sasa alilala na mirija miwili mkononi, damu yake ikitoka na kurudi, macho kwenye dari.

"Leo mmechelewa," alisema.

"Mwanangu amefika," Bibi Ulayuk alijibu, huku muuguzi akimfunga mkono.

"Yupi?"

"Iola."

Mashine ziliendelea kunguruma. Mzee Kaunaq hakucheka, wala hakuuliza amefikaje au amefikia mwili gani. Alifumba macho.

"Amefika salama?"

"Mguu umeumia. Na masikio, ncha zimekwenda."

"Baridi ya ukingoni," mzee alisema. "Inapenda masikio." Akageuza kichwa, akamtafuta Oleepa aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na koti lililolowa. "Ukifika nyumbani mwambie chusa changu cha kuwindia sili bado anacho. Alikiazima kwangu siku ile asubuhi akaenda nacho. Mwambie sikihitaji. Lakini ajue nakumbuka."

Dirishani theluji ilikuwa imesimama, na hakukuwa na jua. Oleepa aliutazama mkono wa mamake, mwembamba, uliojaa makovu ya sindano, na damu ikipita ndani ya mirija kwa mwendo ule ule.

"Yule mdogo wangu hajawahi kumsikia mtu," alisema. "Lakini nitamwambia."